Siku Kisima cha Mama Mkwe Kilipopumua

Aibu nyingine mtu humwambia padri tu, nyingine humwambia rafiki mmoja baada ya kumwapisha, lakini hii yangu bonde zima la Lambwe linaijua na sokoni Magunga wanaisimulia vizuri kuliko mimi (wameongeza na mate yaliyonitoka mdomoni, jambo ambalo siwezi kulikana wala kulithibitisha), kwa hiyo sioni kwa nini nyinyi mnaonijua mbaki nyuma. Nilifedheheka mbele ya chifu, mbele ya bosi wangu na mbele ya wakwe zangu wote, na aliyenifedhehesha ni mimi mwenyewe, bila msaada wa mtu.

Kwanza mjue kazi yangu, maana nyumbani Migori wengi wanadhani nachimba visima. Sichimbi. Mimi hukaa mbele ya kompyuta nikawaza yaliyo chini ya ardhi. Kuna kampuni inayotaka kuchukua hewa ukaa, ile hewa nzito inayotoka viwandani (na puani mwetu pia tukipumua, lakini hilo tuliache kwanza), iishindilie chini kabisa kwenye mawe meusi ya volkano, ikae huko isiendelee kutuchoma huku juu. Wazo zuri. Shida ni visima vya zamani, vile vilivyochimbwa kwa mashine vikaachwa, bomba likashika kutu, saruji ikapasuka, sasa kila kimoja ni kama mrija uliosahauliwa kwenye chupa ya soda, ukiishindilia hewa chini yenyewe itautafuta mrija ipande. Kwa hiyo mimi hupima kila kisima kibovu kabla kampuni haijaweka chochote, nione kama tayari kinapitisha hewa ya chini, kisha naziingiza namba kwenye kompyuta itabiri ni kiasi gani kitakachovuja, kitavujia wapi, na kitamkalia nani. Hewa hii haipai angani, hulala chini kwenye kimo cha ndama, na ndama akiivuta ya kutosha haamki.

Nimesema nawaza kwa sababu mimi ni mtu wa kuwaza tangu utotoni. Mama yangu, ambaye ana kibanda cha mitumba karibu na stendi ya Migori, alikuwa akinituma chumvi narudi na majani chai, na siku nyingine sirudi kabisa, ananikuta nimesimama kando ya mtaro natazama maji yanavyozunguka jiwe. Mpaka leo nikifumba macho naiona ile hewa ikitembea chini ya bonde polepole, ikipapasa nyufa, ikisimama, ikiendelea, kama ng'ombe wanaorudi nyumbani bila mchungaji. Bosi wangu, Injinia Mwende wa Nairobi, aliwahi kuniambia kwamba ndoto zangu anazipenda ila malipo yangu ni ya namba.

Basi kimoja kati ya visima hivyo vibovu kilikuwa Lambwe, ndani ya boma la mama yake Akinyi. Akinyi ndiye mchumba wangu, mwalimu wa chekechea hapo Magunga, mtu ambaye akikuita kwa jina lako kamili unaanza kujikagua. Kisima kilichimbwa zamani na mradi fulani, kikatoa maji ya chumvi, mradi ukaondoka zake, na baba yake Akinyi akakifunika kwa bati. Alipofariki alizikwa karibu na hapo, akabaki mama na mabinti wawili, Akinyi na mdogo wake Adhiambo. Mtoto wa kiume hakuna.

Sisi kwetu ni Wabukusu tulioletwa Migori na biashara, na hata kwetu mama mkwe huogopwa, lakini mila za Kijaluo nilifundishwa na Akinyi kama mtu anavyofundishwa kuendesha pikipiki, haraka na kwa vitisho. Usimpe mama mkono. Usiingie jikoni kwake. Chakula usikatae. Na kubwa kuliko yote, mkwe halali kwa mama mkwe, hata kusinzia, hata akiwa mgonjwa anaondoka akaugulie mbele ya safari. Kwangu ilikuwa mbaya zaidi kwa kuwa nilikuwa bado sijafanya ayie, ile siku mwanamume anapokwenda na watu wake kumheshimu mama wa msichana, naye mama akikubali ndipo mnaitwa wakwe kweli. Tarehe ya ayie ilikuwa inazungumzwa. Nilikuwa napita kwenye uzi, na nilijua.

Siku ya kupima nilifika asubuhi nimevaa shati la kupiga pasi, nikaondoa bati, nikashusha mrija mwembamba kwenye mdomo wa kisima na ncha yake nikaiacha hapo hapo mdomoni, nikajenga kihema kidogo cha turubai juu yake ili upepo usiharibu vipimo, nikawasha mashine. Mashine ile ikishawashwa haihitaji mtu, inavuta hewa na kuandika yenyewe siku nzima. Mama alikuwa mbali, mlangoni pa nyumba yake, amenipa mgongo nusu kama inavyotakiwa, akichambua mtama. Tulisalimiana kwa kupitia Adhiambo.

Kisha kikaja chakula. Ugali wa mtama, samaki mbuta wa kukaanga, aliya (ile nyama iliyokaushwa juani halafu ikapikwa mpaka ikasahau ilikuwa kavu), na mboga ya akeyo iliyolazwa na maziwa. Nikala. Adhiambo akaleta tena. Chakula usikatae, nikala tena. Jua lilikuwa limesimama juu ya bonde, njiwa wanaimba wimbo wao mmoja, kule mbali upande wa mbuga vile vitambaa vya buluu vya kutegea mbung'o vinapepea taratibu, vinatulia, vinapepea, na kila kitu kikawa kinapumua pamoja. Nikajiambia niingize kichwa ndani ya turubai kidogo tu, nione kama mrija umekaa sawa. Ndani mlikuwa na kivuli. Mrija ulikuwa umekaa sawa, nikauangalia nikiwa nimelala chali, kwa sababu ukilala chali unauona vizuri zaidi (jamani, mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu).

Niliota niko chini. Nilishuka kisimani bila kamba, laini, na mawe meusi yakanifungulia njia, na ile hewa ikawa inanipita mabegani ya uvuguvugu kama pumzi ya ng'ombe. Chini kabisa nikamkuta baba yake Akinyi, ambaye sikuwahi kumwona akiwa hai, ameketi akisikiliza kitu. Akasogea nikae. Tukasikiliza wote wawili, na nikaisikia pumzi kubwa, nzito, ikipanda na kushuka, ikikwama kidogo juu halafu ikashuka tena, na moyo wangu ukajaa kwa sababu nilielewa kwamba ile ni pumzi ya dunia yenyewe na kwamba katika watu wote nimechaguliwa mimi kuisikia.

Nilipozinduka nilidhani nimefumba macho kidogo tu. Mama yuko pale pale mlangoni na mtama wake, ameangalia shamba. Adhiambo hayupo. Nikakaa haraka, nikajipangusa nyasi, na wasiwasi ukaniisha mara moja kwa kuwa niliiona mashine: namba zilikuwa zimepanda juu sana, na mstari wake una vilima vidogo vidogo, kimoja baada ya kingine, kila kilima na kijino kileleni. Kisima kinapumua! Niseme ukweli, nilifurahi. Nilifunga vyombo vyangu nikamuaga mama kwa mbali kama mtu aliyebeba habari njema.

Siku zilizofuata niliziingiza zile namba kwenye kompyuta, na kompyuta, ambayo haijui kucheka, ikanichorea bomba lililooza na saruji iliyopasuka na hewa inayopanda kutoka mbali chini. Kila kitu kilikubaliana na ndoto yangu. Injinia Mwende akanipigia simu akaniuliza kama siku ile kulikuwa na kitu chochote chenye uhai karibu na mrija, ng'ombe, mbuzi, mtu. Nikamwambia hapana. Sikumdanganya, rafiki zangu, nilikuwa nimesahau kabisa kwamba mimi pia ni mtu. Akasema basi kipimwe tena kabla ya kumwambia yeyote, naye atakuja mwenyewe kutoka Nairobi. Lakini mimi nilikuwa nimeshampigia chifu, kwa sababu usiku nililala nikiwaona Adhiambo na ndama kwenye ile hewa, na kwa moyo mweupe kabisa nikachora duara kwenye ramani. Boma lote la mama lilikuwa ndani ya duara. Chifu akaamuru watu watoke, na akaitisha baraza ili wataalamu waje waeleze.

Akinyi alinikuta Magunga, nje ya duka la kuchaji simu, na akaniita kwa jina langu kamili.

"Sasa ni wewe unahamisha mama?"

Nikasema si mimi, ni namba.

"Namba ndio zitamjengea? Baba ameenda, kijana hana. Kwetu mama hawezi kufungua boma mpya peke yake. Akitoka pale hana kwake tena, unaelewa? Atakuwa mgeni kwa watu mpaka afe, na baba tumemwacha huko peke yake na kisima yako."

Nilitaka kumwambia kwamba afadhali mgeni aliye hai, na bahati nzuri alikuwa ameshanipa mgongo. Alipoondoka nilipita njia ya Lambwe nikasimama barabarani. Mama alikuwa anaondoa mabati ya jiko lake mwenyewe, moja moja, anayapanga chini, anayafuta vumbi. Roho iliniuma vibaya. Nilijiambia namwokoa, nikarudi zangu.

Baraza lilifanyika katika ukumbi wa kanisa la Wasabato, siku ya kazi, watu wamejaa mpaka madirishani. Mbele tulitundika shuka nyeupe ya kuonyeshea picha. Injinia Mwende alikaa upande, miwani puani. Baba mdogo wa Akinyi, ambaye ndiye msemaji wa ukoo, alikuja na koti zito kwenye joto lile. Mama alikaa nyuma ya nguzo upande wa wanawake, Akinyi kando yake, ili tusionane uso kwa uso. Chifu alikuwa ameniwekea mkalimani, mzee wa kanisa mwenye sauti ya kuitia mifugo, ambaye kila sentensi yangu aliigeuza Kijaluo na kuirusha mpaka ukuta wa nyuma.

Nilieleza vizuri, nasema hili bila majivuno. Nilieleza bomba, saruji, mrija na soda, na kwenye shuka nikaonyesha ule mstari wa vilima vyenye vijino nikasema mnaona, hii ni pumzi ya kisima, na watu wakaguna kwa hofu. Ndipo chifu akauliza swali la haki kabisa: watajuaje kwamba hiyo mashine inasema kweli?

Hapo ningeweza kumwita mtu yeyote mbele aupumulie mrija. Ningeweza kuwasha kiberiti karibu nao. Lakini nilikuwa nimenogewa, nikasema hewa hii hata sisi tunaitoa, tazameni, nikaiunganisha mashine, mstari mpya ukaanza kujichora kwenye shuka kando ya ule wa zamani, nikausogeza mrija karibu na uso nikapumua taratibu, nimefumba macho kama kawaida yangu.

Nilipofumbua, macho yote yalikuwa nyuma yangu. Nikageuka kutazama shuka. Kushoto vilima, kulia vilima, upana ule ule, mwendo ule ule, na kila kimoja na kijino kileleni. Sasa lazima niwaambie kwamba pua yangu ya kushoto imeziba tangu nilipogongwa na mpira nikiwa shule, na pumzi yangu hukwama kidogo ikifika juu. Hakuna kisima duniani chenye pua ya namna hiyo.

Injinia Mwende akavua miwani. "Siku ile kisima kinapimwa," akaniuliza polepole, "wewe ulikuwa wapi?"

Nilikuwa na njia ya kutokea, na niliiona wazi. Ningesema mashine imeharibika. Wangeipeleka Nairobi, ingekaa huko, timu nyingine ingetafutwa, na duara lingebaki palepale kwenye ramani ya chifu miezi na miezi huku mama akilala kwa watu, na mimi heshima yangu isingeguswa, na ayie ingengoja tu wakati wake. Kinyume cha hapo ni kusema, mbele ya ukoo mzima, neno ambalo Akinyi alinionya nalo kuliko mengine yote. Niliangalia kule kwenye nguzo. Mama alikuwa amejivuta leso mpaka usoni, anaangalia sakafu. Mficha uchi hazai, wanasema, lakini wanaosema hivyo huwa wamevaa.

"Nililala," nikasema.

Mkalimani akanitazama kwanza, kama anayeniuliza kama nina hakika. Kisha akavuta pumzi akairusha mpaka ukuta wa nyuma: "Ne onindo."

Kicheko kilianzia madirishani. Baba mdogo akainuka na koti lake, akangoja watulie, akaniuliza nililala wapi. Kisimani. Ndani ya boma? Ndani ya boma. Mchana? Mchana, baada ya chakula. Na kichwa kilikuwa wapi? Nikamwambia kichwa kilikuwa ndani ya turubai, karibu na mrija, na kila jibu langu lilikwenda kwa Kijaluo na kurudi na kicheko kipya, isipokuwa yeye hakucheka. Akauliza la mwisho, kama hakimu, kama huwa nakoroma. Injinia Mwende akaigeukia shuka, na watu wote wakaitazama shuka. Chifu alilazimika kutoka nje kidogo.

Kesho yake Injinia Mwende alikipima kisima yeye mwenyewe, ameketi mbali chini ya mwavuli, wima kama msumari. Mstari ulilala bapa kuanzia asubuhi hadi jioni. Kisima kilikuwa kizima, bomba zima, saruji nzima, kimenyamaza kama walivyokiacha. Chifu akalifuta duara, na mabati ya jiko yakarudi juu. Mimi nilirudishwa ofisini kwa muda usiojulikana, na baba mdogo akatuma neno kwamba nisikanyage Lambwe mpaka niitwe.

Sikuitwa. Wiki zilipita, nikawa nakaa kwenye kibanda cha mama yangu nakunja mitumba, nawaza, na kwa mara ya kwanza maishani sikupenda nilichokuwa nawaza. Akinyi hakupokea simu. Nilijua nimempoteza, na sikuwa na wa kumlaumu, hata usingizi siwezi kuulaumu maana mimi ndiye niliyeuendea kichwa mbele.

Mwishowe alikuja Migori mwenyewe, akaketi juu ya furushi la sweta, akanieleza jambo ambalo bado linanifanya nifute macho. Mama yake aliniona. Aliniona nikilala tangu mwanzo mpaka mwisho. Kunikaribia hawezi, kuniamsha hawezi, na kumtuma Adhiambo ni kumpa mtoto habari ya kwenda nayo shuleni, kwa hiyo alimtuma Adhiambo kuni, mbali, yeye akabaki pale mlangoni mchana wote akifukuza kuku na mbuzi wasinisogelee, akingoja niamke bila mtu mwingine kujua. Hakumwambia mtu. Hata siku anavunja jiko lake hakumwambia mtu, kwa sababu hakujua kwamba usingizi wangu na kuhama kwake ni kitu kimoja, yeye alijua tu kwamba mkwe hatangazwi amelala.

Alijua pale ukumbini, alipoviona vile vilima viwili kwenye shuka, tena kabla yangu. Akinyi alitaka kusimama aseme, maana uso wa mama ulimwambia kuna jambo. Mama akamshika mkono akamkalisha.

"Alisema tungoje," Akinyi akaniambia. "Alisema, huyu akinyamaza, mimi nitahama, na wewe nitahama na wewe. Hatakuoa."

Halafu akaniambia tarehe ya ayie.

Tumeoana sasa, na nimeapa sitaingiza tena kichwa changu mahali ninapopima, wala sitatangaza namba kabla sijajiuliza mimi mwenyewe nilikuwa wapi. Kuhusu Lambwe sikuhitaji kuapa. Kila nikienda, wengine wanaletewa viti vya kuegemea, mimi naletewa kigoda kisicho na mgongo, na kinawekwa juani. Hakuna anayesema kwa nini. Nakaa wima, nakula kila kinacholetwa, na ninaaga mapema nikiwa macho kabisa.